Nafundisha hisabati kidato cha kwanza, nimekubaliwa EdD (udaktari wa elimu) ya Uingereza kwa masafa. Nianze au nisubiri?

Mwl_wa_Gairo aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari ya kata mkoani Morogoro, mwaka wa 13 kazini. Uzamili wa elimu nilimaliza Chuo Kikuu Huria nikiwa hapa hapa kituoni, nikisoma usiku, kwa hiyo adha ya kusoma huku unafundisha naijua. Mwezi uliopita nimepata barua ya kukubaliwa kusoma EdD katika chuo kimoja cha Uingereza, kwa masafa. Miaka 2 ya mwanzo ni kozi na insha, halafu inafuata tasnifu ya maneno 50,000 kuhusu tatizo la kazi yangu mwenyewe.

Hiyo tasnifu ndiyo iliyonifanya niombe. Niwaeleze tatizo lenyewe.

Februari mwaka huu niliandika ubaoni swali jepesi kabisa: "Find the difference between 12 and 7." Nikawa napita kati ya madawati nasahihisha papo hapo. Msichana mmoja, aliyekuja kutoka shule ya msingi na A ya hisabati, alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "12 is even, 7 is odd," yaani 12 ni shufwa, 7 ni witiri. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Nilimwomba tofauti ya namba hizo, naye kanipa tofauti. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Kumi na mbili toa saba?" Akajibu tano kabla sijafunga mdomo.

Jioni ile nilikusanya madaftari yote 74, nikaanza kutenga: huku makosa ya hesabu, huku makosa ya lugha. Rundo la lugha lilikuwa kubwa kuliko lile jingine. Tangu siku hiyo ninayo kaunta buku ambamo nanakili kila kosa la aina hiyo na tarehe yake. Sasa yamefika 200 na ushee. Hawa ni watoto waliosoma hesabu kwa Kiswahili miaka 7, wakafanya mtihani kwa Kiswahili, halafu Januari tukawageuzia lugha na kuwapa wiki chache za kuzoea. Nataka nilifanyie kazi jambo hili kwa miaka. Semina za siku 2 nimehudhuria nyingi na posho nimekula, lakini darasani nimerudi kama nilivyoondoka.

Yanayonikwamisha sasa. Ada ya mwaka mmoja inakaribia mshahara wangu wote wa mwaka. Benki wako tayari kunikopesha, ila tayari nina makato mengine, na nikipiga hesabu nitabaki na ile theluthi moja tu ya mshahara kwa miaka. Pili, mwenzangu mmoja ofisini kaniambia EdD si udaktari wa kweli, ni diploma ndefu. Tatu ni muda. Nina vipindi 28 kwa wiki, zamu juu yake, na semina zao zinaanza saa 12 jioni ya kwao, kwetu saa 3 usiku, na wakisogeza saa zao majira ya joto inakuwa saa 2. Mke wangu ni muuguzi. Wiki anayokuwa zamu ya usiku, mimi ndiye ninayelaza watoto.

Aliyepita njia hii naomba aniambie ukweli, hata kama ni mchungu.

---

Mhadhiri_Dom alijibu:

Hongera Mwalimu. Mimi nafundisha chuoni huku Dodoma, PhD yangu niliifanya kwa tasnifu tupu, kwa hiyo nasema yale ninayoyaona upande huu.

Huyo mwenzako wa diploma ndefu mwambie EdD ina zaidi ya miaka 100. Harvard walitoa ya kwanza mwaka 1921, na Uingereza ilianzia Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 1992. Ni udaktari kamili. Tofauti iko kwenye mahali unapoanzia: mtu wa PhD kwa kawaida anaanza na pengo aliloliona kwenye maandiko, mtu wa EdD anaanza na jambo linalomsumbua kazini, ndipo analipeleka kwenye maandiko. Hata hivyo hofu ya mwenzako haikuzuka hewani. Marekani walilumbana sana juu ya EdD ambazo zilikuwa PhD zilizopunguzwa tu, mpaka mwaka 2007 vyuo kadhaa vikaungana katika mradi wa Carnegie kuzitengeneza upya zimfae mtu aliye kazini. Waombe chuo chako wakuonyeshe tasnifu 2 au 3 za waliohitimu. Utajua mwenyewe ni za aina gani.

La TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Usilipe hata senti kabla hujawauliza kwa maandishi kama tuzo ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya masafa, wataitambua. Na mkurugenzi wa halmashauri akupe ruhusa ya masomo kwa barua, japo huondoki kituoni. Wapo walimu niliowasimamia hapa waliosoma kimyakimya, wakaleta vyeti, ndipo wakaanza kuhangaikia barua iliyopaswa kuandikwa miaka 4 nyuma.

Halafu jiulize unataka nini baada ya hapo. Kama unataka kuja kufundisha chuoni, fanya PhD ya hapa nyumbani: Huria, UDSM, UDOM. Tangazo la kazi likiandika PhD, wewe wa EdD utakuwa wa kujieleza kila mara. Kama unataka kubaki na kidato cha kwanza chako, hapo EdD imekaa vizuri. Ila swali lako la "even" na "odd" linatosha PhD pia, kwa ada ya shilingi, na msimamizi unayeweza kupanda basi ukaonana naye.

---

BintiTukuyu alijibu:

Marahaba mdogo wangu.

Mimi ni wa Tukuyu, nafundisha hisabati sekondari ya serikali kusini mwa Uingereza, mwaka wa 17 huku. EdD nilianza nikiwa na miaka 41, nikamaliza miaka 6 baadaye, na sikuacha kufundisha hata muhula mmoja. Swali lako nimelisoma mara mbili. Yule msichana wako amenitoa machozi, kwa sababu na mimi niliingia kwa mlango huo huo.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa 7, watoto wa miaka 11 na 12, wengi nyumbani hawasemi Kiingereza. Wako wa Syria, wa Nepal, wa Ghana, wa Poland. Alikuwepo mvulana kutoka Sudan aliyekuwa anapiga asilimia kichwani kuliko mimi. Lakini swali likija na hadithi ya duka la viatu na maneno ya punguzo la bei, anaacha nafasi tupu. Huku watoto hupangwa kwa seti kufuata uwezo, na yeye aliwekwa seti ya 5, ya mwisho. Swali langu la utafiti lilitoka hapo: mtoto akipewa muda wa kulisoma swali na kulisema upya kwa lugha yake kabla hajashika kalamu, nini kinabadilika?

Kuna jambo hakuna aliyeniambia mapema, nakwambia wewe. Kilichonichukua muda na usingizi kuliko sura yoyote ya tasnifu ni kibali cha maadili. Kamati ya chuo ilinirudishia fomu. Nilichukia. Mimi ni mwalimu wao, nawapenda, nani atawadhuru? Walikuwa wameandika pembeni sentensi moja: mtoto ambaye wewe ndiye unayesahihisha kazi zake, atakukataliaje? Nikajibu kwa ujuaji, aya 3 zenye marejeo, nikaeleza kuwa fomu inasema wazi hakuna atakayelazimishwa. Wakapitisha.

Siku ya kugawa fomu za ridhaa nilimpa yule mvulana ya kwake, na ya mama yake imetafsiriwa Kiarabu. Akaishika. Akakunja pembe ya karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaniuliza taratibu, wenzake wasisikie: "Miss, nikisema hapana, nitashushwa seti?"

Alikuwa seti ya mwisho, Mwalimu. Hapakuwa na seti ya kumshushia. Lakini yeye aliamini iko nyingine chini yake, na kwamba mimi naweza kumpeleka huko.

Nilikusanya fomu zote siku ile ile, nikamwandikia msimamizi wangu kwamba nasimama. Tulipanga upya kwa miezi 2. Fomu zikawa zinagawiwa na mtunza maktaba, mimi nikiwa nje ya darasa. Anayekubali na anayekataa wote wanarudisha bahasha iliyofungwa, na bahasha zikakaa kwenye kabati lake mpaka nilipokwisha kuingiza alama za mwaka. Watoto wote 26 walifundishwa kwa njia ile ile, ila kwenye utafiti yanaingia maneno ya waliokubali tu. Nilipofungua, 5 walikuwa wamekataa. Yule mvulana alikuwa mmojawapo. Nilimfundisha mwaka mzima bila kujua, na nashukuru sikujua. Tasnifu yangu haina neno lake hata moja. Alipomaliza shule nilimwomba ruhusa ya kusimulia hili, akacheka, akasema simulia ila usinitaje jina.

Sasa njoo kwenye kaunta buku yako. Ni hazina, iweke pahali pakavu. Lakini iliandikwa na mwalimu, na wale watoto walimpa daftari mwalimu wao asahihishe. Hawakumpa mtafiti. Itumie kutunga swali lako na kuwashawishi watahini kwamba tatizo lipo. Makosa utakayoyachambua kwenye tasnifu yakusanye upya, kwa ridhaa ya watoto na ya wazazi wao.

Muda. Niliamka saa 10 alfajiri Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nikafanya kazi kwa muda wa saa mbili kila mara, basi. Jumapili kompyuta sikuigusa. Mapitio ya maandiko niliyaandika kwenye likizo 3 za nusu muhula, mume wangu akiwapeleka watoto kwa wifi yangu. Mwaka wa 4 mama yangu alifariki, nikarudi Tukuyu kuzika, na nilipokuja huku sikuweza kusoma hata ukurasa. Niliomba kusimamisha masomo miezi 6, chuo kikakubali na ada ya miezi hiyo sikutozwa. Kanuni za kusimamisha uzisome kabla hujasaini chochote, maana miaka 6 haipiti bila msiba, ugonjwa au mtoto.

Ada, mdogo wangu, usikope. Nakuomba. Mimi shule ilinilipia theluthi kwa miaka 2 ya mwanzo, iliyobaki nikalipa kwa mwezi, na bado ilinikaba. Wewe huna shule ya kukulipia, na watoto wako wanakula kwenye mshahara huo huo. Wala usipoteze muda na ule ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma kwa masafa, huo ni wa uzamili. Waandikie chuo uombe kuahirisha kuanza kwa mwaka mmoja, na ndani ya mwaka huo fuatilia TCU, mkurugenzi, na hiyo njia ya PhD ya nyumbani aliyosema Mhadhiri. Anachosema nakiunga mkono, ila kwenye kujieleza kila mara sikubaliani naye. Nimejieleza mara chache sana. Wazazi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza ni PhD au nini.

Umetaka ukweli, basi na huu ni ukweli: matokeo ya wanafunzi wangu hayakupaa. Nafasi tupu kwenye karatasi za mtihani zilipungua, nikaziona zinapungua kwa macho yangu, watoto wakaanza kujaribu. Sasa madarasa yote ya mwaka wa 7 shuleni kwetu yana dakika 3 za kusoma swali kabla ya kalamu. Siku ya utetezi mtahini wa nje aliniuliza ni kitu gani nimeacha kufanya darasani kwa sababu ya utafiti huu. Nikamjibu nimeacha kuuliza "Mmeelewa?" Wewe na mimi tunajua jibu la swali hilo, darasa zima linaitikia ndiyooo. Siku hizi namwendea mmoja nasema, "Niambie swali linataka nini." Ningefanya miaka 6 ile tena kwa hilo moja tu.

---

Mwalimu_Kilifi alijibu:

Hamjambo nyote. Niko Kilifi, nafundisha sekondari ya chini, gredi ya 7 na ya 8, na nafanya PhD katika chuo cha hapa Kenya, mwaka wa 3. Dada yetu wa Tukuyu amesema mengi, mimi naongeza moja la kazi.

Kwetu ukitaka kufanya utafiti unaomba leseni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, halafu unapeleka barua ofisi ya elimu ya kaunti, halafu kwa mkuu wa shule. Nilibeba barua hizo zote ili niingie darasa ambalo naliingia kila siku ya Mungu. Nilipoingia siku hiyo ya kwanza kama mtafiti, sikuona chochote kipya. Nililizoea mno. Kilichoniokoa ni simu. Kila jioni kabla sijawasha pikipiki, nasimama chini ya mwembe ulio langoni, najirekodi dakika 5: nini kimenishangaza leo, nani amenyamaza, wapi nimedanganya andalio la somo. Siku ambazo hakuna kilichonishangaza nasema hivyo hivyo, hakuna. Baada ya mihula 3 nilipozisikiliza kwa mfululizo niligundua jina la mtoto mmoja sikulitaja hata mara moja, na nilikuwa namfundisha kila siku. Sura yangu ya 5 yote imetoka kwa huyo.

Ndugu yangu wa Gairo, hilo halihitaji ada wala kukubaliwa na chuo. Anza Jumatatu. Hizo sauti ni zako wewe, lakini majina ya watoto yatoe mapema, usiyaache kwenye simu.

---

Mwl_wa_Gairo alijibu:

Dada shikamoo tena. Mhadhiri, Mwalimu wa Kilifi, asanteni mno.

Barua ya kuahirisha nimeshaituma chuoni, na ya TCU nimeiandika, mke wangu ameisoma akanisahihisha tarehe. Mkopo sitachukua. Kati ya EdD na PhD bado sijaamua, ila sasa najua nauliza nini na namuuliza nani.

Lakini dada, maneno yako ya kaunta buku hayakuniacha nilale. Nilikuwa nimeshamtangaza yule msichana hapa, na daftari lake, bila kumuuliza. Jana mapumziko ya saa 4 nilimwita, akaja na rafiki yake, nikampa simu asome nilichoandika, nikamwambia akitaka nitaomba kifutwe. Alisoma polepole mpaka mwisho. Akaniambia, "Lakini Mwalimu, hujaandika kwamba ulinipa kosa."

Ni kweli. Nilikuwa nimeshapiga alama ya kosa kabla sijasimama kufikiri, na huku sikulisema. Kasema niongeze hilo, ndipo ibaki. Mama yake naye nimempigia, amekubali, ila jina lisitajwe. Ndiyo nimeliongeza hapa. Nikamwomba alete daftari, nikaifuta ile alama, nikaandika pembeni kwa Kiswahili kwamba jibu lake ni la kweli na swali langu lilikuwa na maana mbili.

Sasa nauliza la mwisho. Shule yetu haina mtunza maktaba. Maktaba yenyewe ni kabati ofisini kwa mkuu. Fomu atanikusanyia nani ambaye watoto hawamwogopi?

---

BintiTukuyu alijibu:

Mpe salamu zangu huyo binti.

Mwalimu wa ofisi yenu asikusanye, hata asiyefundisha kidato cha kwanza, maana wote mnashika zamu na watoto wanalijua hilo. Tafuta mwalimu wa sekondari ya kata jirani, mwenye nia ya kusoma kama wewe. Yeye aje kukukusanyia, na siku yake ikifika wewe uende kwake. Nauli mchangie. Fomu iwe ya Kiswahili, na aisome kwa sauti mbele yao, maana wako watakaoona aibu kusema hawajaelewa. Bahasha ziwe za kaki zenye gundi, na ziondoke naye siku hiyo hiyo. Zisilale shuleni kwako.